MREJESHO: Ile rangi ya dirisha chumbani kwa mtoto

Wakuu habari, kwa ambao hawakuona, nilisema tumepanga nyumba ya zamani hapa Buffalo, ya kabla ya 1978 ambapo Marekani walipiga stop rangi yenye madini ya risasi majumbani, na dirisha linabanduka halafu dogo anaokota vipande anatia mdomoni, nikauliza nipige msasa nipake upya au vipi.

Asanteni mliosema nisiguse msasa. Dogo kapimwa damu, risasi imekuja maikrogramu 4 kwa desilita, na hapa Marekani kuanzia 3.5 inahesabika iko juu kwa mtoto. Basi akaja mkaguzi na kimashine kama bastola, anakigusisha ukutani kinasoma risasi mpaka kwenye rangi za chini kabisa. Kuta safi! Shida ni fremu, pale dirisha linapopanda na kushuka, kila ukifungua rangi inasagika, vumbi lote linatua chini anakotambaa mtoto.

Mwenye nyumba alinuna weee, mwisho kaleta mafundi wenye cheti. Wakatandika plastiki, wakalowesha rangi kabla ya kugusa, wakang'oa dirisha lote, wakafyonza na ile vakyumu ya HEPA, yenye kichujio kinachonasa vumbi laini kabisa, sio hizi zetu zinazorudisha vumbi hewani. Vumbi la sakafuni likapelekwa maabara, limepita.

Damu tunarudia baada ya miezi mitatu. Na yule aliyeuliza vile vijiti vya dukani vya kupimia risasi vinavyobadilika rangi, mi changu hakikuonyesha kitu, kinagusa rangi ya juu tu usipokata mpaka chini.