Mwalimu wa Newala: nikasomee sanaa za maonyesho Mlimani au Bagamoyo?

Mwl_Newala:
Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Nafundisha Kiswahili sekondari huku Newala, nina stashahada ya ualimu. Kila Jumatano jioni naendesha klabu ya maigizo, watoto kama 30. Mwaka jana kwenye mashindano tulishika mkia. Jaji mmoja aliniita pembeni: "Mwalimu, leo tumetazama visogo." Kweli, watoto wangu walikuwa wanaongea wao kwa wao, watazamaji tumewapa migongo. Na mimi ndiye niliyewapanga hivyo!

Nataka kujifunza kuongoza mchezo, ustaa siutaki. Niende wapi? Ada nategemea korosho za mzee, naye keshauliza, "Chuo kikuu, kujifunza kucheza?"

Kijana_Masasi:
Mzee ana hoja. Ngoma ya sindimba anaicheza bure miaka yote, leo umlipishe?

Mjukuu_wa_Lipiko:
Mwalimu, mimi nimesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fani hii pale ilianza 1967, na waandishi wa tamthilia akina Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba walifundisha hapohapo. Shahada ni miaka mitatu, na jiandae kusoma na kuandika sana. Wapo waliokuja wakidhani ni kuigiza tu, muhula wa kwanza wakalia. Bagamoyo chuo kilianza 1981, na 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Kule jasho linatoka zaidi: ngoma, muziki, maigizo, sarakasi. Kwako wewe uliye kazini na mwenye stashahada tayari, naona shahada ndiyo itakayokusogeza. Ila ruhusa ya masomo anza kuifuatilia sasa, usisubiri barua ya udahili.

Sasa hilo la visogo. Mwaka wa kwanza mwalimu alitufunga vitambaa usoni, akaniambia niwe baba aliyeletewa habari ya msiba. Nikakunja uso, nikang'ata midomo, machozi karibu yatoke. Nilipomaliza akauliza darasa nilikuwa nafanya nini. Mmoja akajibu, "Anasubiri basi." Walicheka, nami nikaona aibu kuliko wote, maana mjomba wangu alikuwa mcheza mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Siri za jando sizimwagi hapa, lakini hili si siri: mwenye lipiko, yaani aliyevaa kinyago, huona kupitia mdomo wa kinyago hicho. Hawezi kupepesa jicho kuangalia pembeni, akitaka kukuona anageuka mwili mzima, bega, kiuno mpaka unyayo. Ndiyo maana hata aliye nyuma kabisa ya uwanja anajua lipiko linamtazama nani. Nilikulia katikati ya hayo, nikalazimika kulipa ada ili nionyeshwe.

Wafunge watoto wako vitambaa, wacheze onyesho lilelile bila neno hata moja. Kisha chora jukwaa kwa chaki, viboksi tisa, tatu kwa tatu, kila mtoto ajue anasimama kipi na anahamia kipi kwa sababu gani. Hakuna sababu, asihame. Uongozaji unaanzia hapo, na chaki unayo.

Mwl_Newala:
Kaka, hiyo ya "anasubiri basi" imeniingia. Na ada je? Minada ya korosho ni Oktoba, na chuo nacho kinafungua kipindi hichohicho.

Mjukuu_wa_Lipiko:
Ndipo wengi wetu wa kusini tunapokwama. Mzigo uko ghalani, malipo hayajaingia, na wewe umeshasimama dirisha la usajili. Ada hulipwa kwa awamu, kwa hiyo mwombe mzee atenge ya awamu ya kwanza kwenye mauzo ya msimu unaotangulia. Na usimwambie unakwenda kucheza, mwambie unakwenda kusomea ualimu wa sanaa. Si uongo.

Kijana_Masasi:
Mzee akisoma uzi huu umekwisha.

Mwl_Newala:
Mzee hana simu ya intaneti, mwacheni. Nimeshachukua vitenge viwili vya mama watoto, ninavipasua vitambaa vya Jumatano. Yeye bado hajui.