Shida ni pingi, wao wananiuzia Mbps! Nimechoka

Wadau, nimechoshwa na hawa watu wa intaneti ya fiba hapa Roysambu. Kila jioni giza likiingia tu, simu za video zinakwama, sauti inatoka vipande vipande, mteja wangu anauliza kama bado nipo. Ukiwapigia, jibu ni lile lile: "Hamia kifurushi cha 20 Mbps." Cha nini? Simu ya sauti haitumii hata 1 Mbps!

Mbps ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Mimi nalalamikia latensi, muda wa pakiti (kipande kidogo cha data) kwenda hadi seva na jibu kurudi, unaopimwa kwa milisekunde; kipimo chake ndiyo pingi. Panua Thika Road iwe na leni ishirini, Thika haisogei hata hatua moja. Ndiyo maana filamu inacheza vizuri: hiyo hujiwekea akiba mbele. Mazungumzo hayana akiba.

Na nimewapimia, kwa waya, si waifai, bila mtu mwingine kutumia mtandao nyumbani. Pingi hadi ruta yangu: milisekunde 1. Hadi ruta yao ya kwanza: asubuhi 6, saa mbili usiku 90, mara 410, mara 230, na pakiti nyingine zinapotea kabisa. Kuyumba huko ndiko kunakoua simu. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Hawa wanazimaliza kabla hata sijatoka mtaani! Wamesajili wateja kupita uwezo wa laini, pakiti zinarundikana zikingoja zamu, halafu mimi ndiye naambiwa nizime ruta niiwashe.

Mhudumu mmoja akathubutu kusema seva ziko mbali. Mwanga ndani ya fiba huenda kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Hadi Mombasa, zinakotua kebo za baharini, kwenda na kurudi ni kama milisekunde 5. Ulaya ni mbali, sawa, lakini ruta yao ya kwanza iko Ulaya?

Napeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano na sitaki kwenda peke yangu. Ukiwa Roysambu, Zimmerman au Kahawa West, pima leo saa mbili usiku, kwa waya, hadi ruta ya kwanza ya kampuni. Weka picha ya skrini hapa, saa ionekane.