Wenye zabibu: bomba la kupulizia lilishakutenda nini? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Hombolo: Mbukwenyi wakuu. Jana nimeona dogo anapulizia zabibu kifua wazi na ndala, bomba linamvujia mgongoni, nikakumbuka ujinga wangu. Nyie mnatumia bomba gani?

Chamwino1: La mkono lita 16. Ekari moja tu bega linaomba poo.

Mzee wa Chaji: Mnajitesa bure, la betri presha haipandi haishuki.

Chamwino1: Na umeme ukikatika upulizie kwa mdomo?

Mama Vijana: Mdomo msiutanie, baba watoto alizibua nozo kwa kuipuliza, lipsi zikavimba siku mbili. Mswaki wa zamani unatosha jamani.

Mpunguzi Mpole: Yangu msicheke. Masika bomba langu lilikatika mpira, ubwiri (ule ugonjwa wa ukungu) umeshaanza, nikaazima la jirani. Nikasuuza maji mara moja, nikatia dawa nikapiga mistari sita. Siku chache majani machanga yakajikunja kama feni, nikadhani virusi, nikakimbilia duka la pembejeo jamaa akaniuzia dawa nyingine tena!! Afisa ugani kufika kaangalia dakika moja akauliza, "bomba la nani hili?" Kumbe jirani alipigia magugu ya mahindi, ile 2,4-D, na zabibu kwa hiyo kitu ni kama yai kwa jiwe. Mistari yote sita sikuvuna hata kichala. Jirani anakataa mpaka kesho.

Mtoto wa Hombolo: Daah pole

Mzee wa Chaji: Ungeosha na sabuni ya unga yangeisha.

Mama Vijana: Usimdanganye mtu. Bomba la magugu ni la magugu, lipake rangi nyekundu lisiguse zabibu.

Kijana wa Mvumi: Bomba la mota vipi?

Chamwino1: Linapeperusha majani dawa inaingia hadi chini ya jani, ubwiri vinyoya ndo unakaa huko. Ila kwa upepo wa Dodoma jirani anapuliziwa bure. Piga alfajiri. Na salfa, ile dawa ya ukungu, usipige jua la saa sita, mimi niliunguza majani mwenyewe.

Mzee wa Chaji: Ukimaliza kunywa maziwa, sumu inakata.

Mama Vijana: Maziwa hayakati kitu! Glovu, gambuti, miwani, barakoa, ukitoka oga na nguo zifuliwe peke yake. Ukiona mate yanatoka ovyo na macho yana ukungu, hospitali, na kopo la dawa uende nalo.

Kijana wa Mvumi: Mpunguzi, bomba la jirani ulirudisha?

Mpunguzi Mpole: Nilirudisha. Limeoshwa na sabuni ya unga.