Leva za gia zisizo na mbofyo: cheni inakwaruza na kuhama yenyewe

Swali
Ndugu zangu, nimepata baiskeli ya zamani ambayo leva zake za gia zimefungwa kwenye bomba la chini la fremu, nazo hazina ule mbofyo niliouzoea. Kila nikibadili gia cheni hukwaruza, na nikipanda mlima huhamia sproketi ndogo ilhali leva sijaigusa. Tatizo ni langu au ni la baiskeli?

Jibu la kwanza
Kuhama yenyewe ni tatizo la leva. Springi ya kihamisha-cheni cha nyuma huvuta waya wakati wote kuelekea sproketi ndogo, na kinachoizuia ni msuguano uliomo ndani ya leva peke yake, kwa hiyo skrubu ya leva ikilegea springi hushinda. Ikaze robo mzunguko, ujaribu, kisha uongeze kidogo ikibidi.

Jibu la pili
Mkwaruzo, ndugu, ni suala la mkono na sikio. Unapokwenda sproketi kubwa, vuta leva ipite kidogo mahali pake. Cheni ikishapanda, irudishe taratibu, kiasi cha unene wa kucha, mpaka sauti ikome kabisa. Miguu iendelee kuzunguka lakini bila kukandamiza pedali, na ndiyo maana gia hubadilishwa kabla mlima haujaanza. Ukisikia cheni inagusa kihamisha-cheni cha mbele, sogeza leva ya mbele kidogo tu.

Mwulizaji
Ahsanteni sana. Nimekaza robo mzunguko, nikapanda mlima uleule, na cheni haikuhama. Je, bado kuna haja ya kuweka leva za mbofyo?

Jibu la pili
Kwa maoni yangu, hakuna. Tangu Shimano walipotoa SIS, mfumo wao wa leva za mbofyo, mwaka 1984, kila mbofyo huvuta waya kwa kipimo maalumu, hivyo leva, kihamisha-cheni na sproketi sharti vioane, na waya ukilegea kidogo tu gia huvurugika. Leva yako haijali kama sproketi ni tano au nane, kwa kuwa mkono wako ndio unaopima. Kilichobaki ni skrubu za mipaka, yaani zile za kihamisha-cheni zinazoizuia cheni isipite sproketi ya mwisho: hizo zikikosewa, cheni inaweza kuangukia kwenye spoki. Zikague leo, gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa.