Ushauri: Tunapanda Lushoto Juni na gitaa, tarumbeta na madufu. Tujipange vipi?

Binti_Korogwe:
Wakuu habari za humu. Familia tuko 14, likizo ya Juni tunatoka Dar kupanda Lushoto, milima ya Usambara, Alhamisi hadi Jumapili. Lengo ni kukaa pamoja, kutembea na kuimba, basi. Upande wa mama ni KKKT (Walutheri) wa siku nyingi, upande wa shemeji ni Waislamu, kwa hiyo mzigo una gitaa moja la nyuzi za chuma, tarumbeta moja, kinanda kidogo cha funguo 61 na madufu mawili ya ngozi. Jumapili tungependa kuimba wimbo mmoja kwenye ibada ya wenyeji, na Jumamosi jioni tuimbe nje, ikiwezekana kule Irente, kwenye ukingo wa mwamba. Mama ana miaka 74 na ana presha. Watoto ni wanne, mdogo ana miaka mitatu. Usafiri ni Noah mbili za otomatiki. Wajuvi wa muziki na wa milimani, nipeni maelekezo kabla hatujaaibika.

Mpiga_Shaba:
Binti, shida yenu si baridi peke yake. Shida ni kwamba baridi itavipeleka vyombo vyenu njia tofauti. Tarumbeta likipoa sauti inashuka. Nyuzi za chuma za gitaa zikipoa zinajikaza, sauti inapanda. Kinanda hakisogei popote. Mkisawazisha ndani ya chumba chenye joto kisha mkatoka nje saa 12 jioni, mtasikia kitu kama ugomvi.

Kwa hesabu: nusu toni ina senti 100, na hewa iliyomo ndani ya bomba ikipoa kwa nyuzijoto moja, sauti hushuka kama senti 3. Tofauti ya chumbani na nje ikiwa nyuzijoto 10, hizo ni senti 30, karibu theluthi ya nusu toni. Pumzi ya mpigaji huipasha kiasi, lakini akinyamaza ubeti mzima chombo kinapoa tena. Kwa hiyo:

Vyombo vyote vitangulie nje dakika 15 hadi 20 kabla ya kusawazisha. Kinanda ndicho kiwe rejea, wengine wakifuate. Mpiga tarumbeta aingize bomba la kusawazisha ndani zaidi ya alivyozoea Dar, na wakati hapigi apitishe pumzi ya joto polepole bila kutoa sauti. Kipande cha mdomoni akiweke mfukoni mpaka dakika ya mwisho.

Halafu funguo. Tarumbeta la kawaida ni la B flati, linafurahia nyimbo za F, B flati na E flati. Gitaa linapenda G, D na A. Msivutane, nunueni kepo, kile kibanio cha nyuzi kwenye shingo ya gitaa. Kwa F, kepo freti (kigawio cha shingo) ya 1 na mpiga gitaa ashike maumbo ya vidole ya E, au freti ya 3 na maumbo ya D. Kwa B flati, freti ya 3 na maumbo ya G. Kwa E flati, freti ya 1 na maumbo ya D. Mnafika mahali pamoja bila mtu kuteswa.

Kaka_Mdogo:
Sweta. Soksi. Sweta tena.

Fundi_Nyuzi:
Mpiga_Shaba kasema kweli, naongezea upande wa mbao. Juni Lushoto kuna ukungu na manyunyu, hewa ina maji mengi. Gitaa la mbao likikaa siku mbili kwenye unyevu, uso wake unavimba kidogo, nyuzi zinanyanyuka juu ya shingo na kubonyeza kunakuwa kugumu. Mpigaji atadhani vidole vimekufa ganzi. Lisiegemezwe ukutani wala kulala kwenye gari, likae kwenye mkoba wake uliofungwa zipu, mbali na sakafu ya saruji.

Kubadilisha nyuzi fanyeni wiki moja kabla ya safari, si siku ya safari. Nyuzi mpya zinaendelea kuvutika siku mbili tatu za mwanzo, na huko juu hamtajua kama ni baridi au ni uzi mpya.

Kinanda kilicholala kwenye gari usiku wa baridi kisifunguliwe mara tu kikiingia ndani. Kiacheni ndani ya mkoba kama saa nzima kilingane na chumba, la sivyo umande unatanda hadi kwenye vifungo na saketi, na funguo zinaanza kukwama au kulia mara mbili.

Ustadhi_wa_Dufu:
Assalaam alaykum kwa wanaohusika, na salamu kwa wote. Madufu ya ngozi ndiyo yatakayowasumbua kuliko vyote, maana ngozi hunywa unyevu na kulegea. Dufu lililolegea halisemi, linasema "bu" badala ya "dum", na kofi la pembeni linapotea kabisa.

Dawa yake ni makaa. Sio moto wa kuwaka, makaa yaliyoshika jivu. Shika dufu kwa fremu, ngozi itazame chini, urefu wa mkono toka kiganja hadi kiwiko juu ya makaa, na ulizungushe bila kusimama. Kila nusu dakika ligonge kwa kidole karibu na ukingo, uzunguke pande zote. Sehemu inayolia chini kuliko nyingine ndiyo uipeleke juu ya makaa. Sauti ikilingana, ondoa. Ukisubiri hadi ngozi iwe ya moto kwa kiganja umeshapita, inaweza kupasuka kwenye misumari. Likikolea hudumu nyimbo tatu nne hivi kwenye ukungu, kwa hiyo jiko liwe karibu na madufu yapokezane, moja linapigwa lingine linapashwa.

Jambo la pili. Vijiji vya huko vina misikiti mingi na Waislamu ni wengi, sauti husafiri bondeni. Mwezi wa Juni Magharibi huingia karibu saa 12:25 jioni, Alasiri karibu saa 9:50, Adhuhuri karibu saa 6:30 mchana. Programu ya Jumamosi ianze saa 10:15, ikatike saa 12:15, wanaoswali waswali, kisha mrudi mkitaka. Hilo litawapa heshima kwa wenyeji na kwa shemeji yenu pia.

Nyama: mbuzi au kuku achinjwe na Mwislamu, na sufuria ziwe safi. Wote mnakula chungu kimoja, hakuna kupika mara mbili.

Binti_Korogwe:
Wa alaykum salaam ustadhi, asante sana. Hilo la saa sikuliwaza kabisa. Swali la nyongeza: kuna mjomba anataka abebe jenereta na spika kubwa. Nimkatalie vipi?

Fundi_Umeme:
Mkatalie kwa hesabu. Kinanda cha ukubwa huo kinakula wati 10 au pungufu. Amplifaya ndogo ya mazoezi kwa sauti ya wastani weka wati 15. Jumla 25. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 7, ile ya kengele za ulinzi, ina wati-saa 84. Usiinyonye zaidi ya nusu, kwa hiyo una 42. Gawa kwa 25: zaidi kidogo ya saa moja na nusu ya kupiga mfululizo. Kwa watu 14 inatosha sana, na haina kelele wala moshi.

Kama kinanda kina chumba cha betri kavu ni rahisi zaidi. Nunueni seti mbili Dar.

Maangalizo mawili. Kwanza, msiunge kinanda moja kwa moja kwenye betri ya gari huku injini inaunguruma, volti hupanda hadi 14 na zaidi. Tumieni inveta ndogo (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) na adapta halisi ya kinanda. Tundu la kiberiti cha gari huwa na fyuzi ya ampea 10 hadi 15, yaani wati 120 hivi kwa usalama, spika ya mjomba ingeiunguza. Pili, kwenye adapta kuna mchoro wa duara unaoonyesha kama chanya kiko katikati au nje. Vinanda vinatofautiana. Plagi ikiingia sio dhamana kwamba umeme umeingia sawa.

Mwalimu_wa_Kwaya:
Kuhusu ibada. Msitokee tu Jumapili mkiwa na karatasi. Pateni barua fupi ya utambulisho toka usharika wenu, na mwasiliane na mchungaji au mwinjilisti wa mahali hapo mapema, isizidi Alhamisi, maana mazoezi ya mwisho na ratiba ya ibada hupangwa siku za kuelekea Jumapili. Ulizeni mambo matatu: ni ibada ya ngapi, mtaimba kabla au baada ya neno, na kama kuna bendi ya tarumbeta ya usharika. Kama ipo, mpiga tarumbeta wenu akae nao, asisimame peke yake kama mgombea. Wimbo mmoja, beti zisizidi nne.

Kuimba nje ni kazi tofauti. Hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kila mtu anahisi haisikiki, anapiga kelele, na wimbo wa tatu koo limekwisha. Simameni nusu duara iliyobana, mabega yakaribiane, migongo iwe kwenye ukuta au mwamba. Besi nyuma katikati, sauti ya kwanza pembeni, alto na teno wasikilizane uso kwa uso. Upana usizidi mita nne. Mkitawanyika mita kumi, sauti ya wa mwisho inachelewa sehemu tatu za mia za sekunde, na wimbo wa haraka utaanza kuburuta.

Kwa baridi shusheni ufunguo nusu toni au toni nzima. Ndiyo maana kepo ya Mpiga_Shaba ni muhimu: wimbo wa G uimbeni F, tarumbeta nalo litashukuru. Karatasi zibanwe kwa vibanio vya nguo kwenye ubao mwembamba, upepo wa Irente hauna adabu.

Dereva_wa_Milimani:
Mombo hadi Lushoto ni lami, karibu kilomita 33, kona mwanzo mwisho. Soni iko karibu katikati, pumzikeni hapo, maporomoko mnayaona toka barabarani. Kupanda si tatizo. Kushuka ndiko kunakoua breki. Otomatiki zimeni O/D (gia ya mwendo kasi) na mweke 2, au L penye mteremko mkali, injini ishikilie gari. Breki iguswe kwa vipindi, si kukanyagwa mfululizo. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali inaanza kuzama, simama pembeni, weka jiwe mbele ya tairi, subiri nusu saa. Usimwage maji kwenye diski. Watoto wasinywe maziwa wala soda Mombo kabla ya kupanda, mtayapokea mapajani.

Nesi_Mstaafu:
Baridi hukaza mishipa, presha ya mama inaweza kupanda kidogo. Dawa zake anywe saa zilezile, mbebe za siku tatu za ziada, na kipimo cha presha kama kipo nyumbani. Akitumia dawa ya kukojoza, chumba chake kiwe na choo ndani, sio cha kuvuka ua usiku. Lushoto iko karibu mita 1,400, hewa haitamsumbua akiwa amekaa, lakini miteremko itamchosha.

Na hili nalisema kwa herufi nzito: JIKO LA MKAA LISIINGIE CHUMBANI MNAPOLALA, hata kama lina makaa mekundu yasiyo na moshi. Hewa yake yenye sumu haina harufu na inaua familia nzima usingizini. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo inatosha. Yale makaa ya madufu yabaki nje.

Mtu_wa_Magamba:
Irente ni kilomita tano sita kutoka mjini na gari linafika karibu, mama hatateseka. Pale mnatazama chini uwanda wa Mazinde, na jua linazama upande huohuo. Asubuhi ya Juni ukungu mara nyingi hufunika kila kitu, kwa hiyo saa 10 mliyoshauriwa ni nzuri. Ukingo ni mwamba mtupu: mtoto wa miaka mitatu awe ameshikwa mkono na mtu asiyeimba. Njiani kuna shamba la Irente la KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, wanauza jibini, jemu na mkate wao.

Ijumaa nendeni msitu wa Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, chukueni na mwongozaji. Humo hakuna dufu wala spika. Mkiamka alfajiri mtasikia mbega wakinguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka, watoto watapenda. Usiku, hata bustanini mlikolala, mulikeni tochi kwenye ncha za matawi: kinyonga aliyelala huonekana mweupe kabisa kwenye mwanga. Aangaliwe tu, asishikwe.

Mama_Makande:
Huko juu maji yanachemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yanagoma. Makande ya watu 14: kilo moja na nusu ya mahindi yaliyokobolewa, robo tatu kilo ya maharage, viloweke usiku kucha na mmwage maji hayo. Muongeze robo ya muda mliozoea. Nyanya ziingie mwisho maharage yakishalainika, uchachu wake unayafanya yabaki magumu. Karoti, viazi na kabichi msibebe toka Dar, mtachekwa sokoni.

Binti_Korogwe:
Shikamooni wakubwa wote. Jenereta limeshakataliwa, mjomba kapewa kazi ya kumshika mtoto ukingoni. Mpiga_Shaba, kepo ya gitaa la nyuzi za chuma ni ileile ya gitaa la nailoni?

Mpiga_Shaba:
Hapana. Ubao wa shingo wa gitaa la nyuzi za chuma huwa umepinda kidogo, wa nailoni ni bapa na mpana. Mkichukua ya nailoni, nyuzi za pembeni hazibanwi vizuri, zinavuma. Nendeni dukani na gitaa lenyewe, muijaribu freti ya 1 na ya 3 kabla ya kulipa.