Mrejesho: fundi wa kuchomelea aliyetaka kuhamia kwenye CAD

Wakuu, miezi minane iliyopita niliuliza kama fundi wa kuchomelea mwenye miaka 38 anaweza kuhamia kwenye uchoraji wa kiufundi kwa kompyuta (CAD). Asanteni nyote, hata aliyenicheka.

Nilifuata ushauri wa kuanza na programu ya FreeCAD, maana ni ya bure, na kuchora vitu halisi nilivyovipima mwenyewe: bawaba, vali, fremu ya mlango. Kuchora umbo ni rahisi, kasheshe ni vipimo. Mchoro wangu wa kwanza wa kulipwa ulirudishwa: sikuonyesha kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua, na nilichanganya mpangilio wa mionekano, yaani michoro ya kitu kimoja kikitazamwa kutoka pande tofauti. Kumbe kwa mtindo wa Ulaya mwonekano wa juu huwekwa chini ya ule wa mbele, Marekani huwekwa juu yake!

Mtihani wa cheti cha AutoCAD (programu nyingine ya kuchorea) nilifeli, nitarudia. Kazi nimepata, ya muda tu: kurekebisha michoro ya wengine. Walichopenda ni kwamba nazijua alama za kuchomelea zinazowekwa kwenye michoro. Aliyeniambia nisiufiche ufundi wangu wa zamani, nakushukuru sana mkuu.