Mjadala: Je, ni haki kumlazimisha mtu ashiriki desturi za kundi ili ahesabiwe kuwa mwenzetu?

MLETA MADA

Wakuu, nina hoja na najua wengine hamtaipenda. Kila yanapozuka malalamiko kwamba umoja umelegea, dawa ni ileile: watu wasimame, waimbe, waape, na asiyetaka achukuliwe hatua. Mimi nasema desturi tunazozitenda pamoja zina nguvu kuliko tunu tunazozihubiri, ila ukizifanya za lazima unaziua.

Tunu peke yake haikuonyeshi nani ni mwenzako. Muulize mtu wa kundi lolote, atakwambia wao ni watu wa haki, heshima na mshikamano. Sijasikia kundi linalojisifu kwa dhuluma. Kinachowatofautisha ni kile wanachokitenda kwa miili yao, wakati mmoja, mahali pamoja. Mwanasosholojia Émile Durkheim aliandika mwaka 1912 kwamba watu wakikusanyika wakaimba na kutenda kwa pamoja hupandwa na msisimko ambao mtu akiwa peke yake haupati, na msisimko huo ndio unaowafanya walihisi kundi kama kitu kilicho hai, kikubwa kuwapita.

Karibu miaka 100 baadaye watafiti walikwenda San Pedro Manrique, kijiji cha Hispania ambako kila Juni watu hutembea juu ya makaa ya moto, wakapima mapigo ya moyo. Mapigo ya aliyekanyaga moto na ya jamaa zake waliokaa tu wakitazama yalikwenda sambamba. Ya wageni waliokuja kushangaa hayakufuata. Wote waliona moto uleule.

Sasa kuhusu lazima. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya watoto wa Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule huko Pennsylvania kwa kukataa kuisalimu bendera. Ikasema shule ina haki ya kuwalazimisha, kwa ajili ya umoja wa taifa. Umoja haukuja. Mashahidi walivamiwa na kupigwa sehemu mbalimbali za nchi, na huko Maine jumba lao la ibada likachomwa. Mwaka 1943, katikati ya vita kuu, mahakama ileile ikajigeuza kwa kura 6 dhidi ya 3.

Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI 1

Mkuu, umechagua mifano inayokubeba. Nami nakuletea wangu: Jugendweihe ya Ujerumani.

Ni hafla ya kumpokea kijana wa miaka 14 katika utu uzima. Iliasisiwa karne ya 19 na watu waliojitenga na kanisa. Kuanzia mwaka 1954 utawala wa Ujerumani Mashariki ukaichukua, ukaisukuma kwa nguvu ili ichukue nafasi ya kipaimara. Kwenye karatasi ilikuwa hiari, lakini kijana asiyehudhuria alijua anaweza kukosa nafasi ya masomo ya juu. Mwishowe karibu vijana wote wakawa wanapitia.

Ukuta wa Berlin ukaanguka 1989, dola yenyewe ikafutika 1990. Na hafla? Hadi leo familia nyingi za mashariki zinaifanya bila kusukumwa na mtu: kijana anavaa vizuri, bibi na babu wanakuja, zawadi zinatolewa. Kama lazima inaua desturi, hii mbona haikufa? Vitu vingi tunavyovipenda leo tulianza kwa kuburutwa. Nani aliombwa ridhaa alipofundishwa kuamkia wakubwa?

MCHANGIAJI 2

Nyote mnaipa desturi sifa nyingi mno. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake, huko Bristol, Uingereza, waliwagawa wavulana wa shule wakawaambia mgawanyo umetokana na picha walizopenda, za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky. Basi. Hawakuimba, hawakuapa, hata wenzao wa kundi moja hawakuwajua ni akina nani, waliona namba tu na kundi. Walipopewa kazi ya kugawa malipo, wakawapendelea wa kundi lao. Binadamu anahitaji kisingizio kidogo tu ili aseme "sisi", na akishasema "sisi", kuna "wao". Hilo ndilo linalonitisha zaidi ya suala la lazima na hiari.

MLETA MADA

Ndugu yangu, kumwongezea mtu pointi kwenye chumba cha majaribio hakufanani na kuacha shughuli zako ukamzike baba yake. Lebo inakupa upendeleo, hilo silipingi. Haikupi watu.

Kwa mkuu wa Jugendweihe: mfano mzuri, na umenikuna. Lakini angalia kilichobaki. Kwenye hafla ile vijana walikuwa wakiapa utii kwa dola ya kijamaa. Kiapo hicho, ambacho utawala ulikitaka kuliko vyote, kimeondolewa. Kilichobaki ni familia kukusanyika na kumwambia kijana "sasa umekua", jambo ambalo wazazi wangelitaka hata bila serikali.

MCHANGIAJI 1

Wangelitaka, ndiyo, lakini wangelifanya kwa namna gani? Namna waliletewa.

MCHANGIAJI 3

Naomba kuchangia, mimi ni mwalimu. Mnabishana kana kwamba kuna njia mbili tu. Mwaka 1985 huko Kerala, India, watoto watatu walifukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Walikuwa wakisimama kwa heshima kila asubuhi, midomo imefungwa, kwa sababu ya imani yao. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya India ikaamuru warudishwe: kusimama kwa adabu kulitosha. Mimi hapo ndipo ninaposimama. Desturi nzuri inamwachia mtu nafasi ya kuwepo bila kusema uongo. Mtoto aliyesimama kimya yuko nasi kuliko anayeimba huku akimchungulia mwalimu asije akamwandika jina.

MCHANGIAJI 1

Sawa, mwalimu. Na yule ambaye hata kusimama hataki?

MCHANGIAJI 3

Nitazungumza naye baadaye, faraghani. Wakati huo sisi tunaendelea kuimba.

MCHANGIAJI 1

Na kesho wakiwa kumi?

MLETA MADA

Wakiwa kumi, mkuu, tuwaulize wimbo una tatizo gani.